Chungu Kilichojaa katika Sikio la Senge

Ninyi vijana mnaosema mnataka kufinyanga, na ninyi ambao hamtaki lakini mama zenu wamewasukumia karatasi hii, kaeni vizuri mnisome. Mimi si mtu wa shule. Kusoma nilijifunzia ngumbaru nikiwa na wajukuu tayari, na mwalimu wangu alikuwa kijana niliyemfukuza kwenye miwa yangu alipokuwa mdogo. Alilipiza. Alinifanya niandike jina langu ubaoni mbele ya watu mpaka nikaliweza. Mkono wangu unaenda polepole, lakini kichwa changu hakikai mahali pamoja, kwa hiyo nikiruka huku na kule msishangae. Nifuateni tu.

Mnakuja kwangu mnaniita bibi kwa kwetu, mnauliza: Kukhu, udongo unachimbwa wapi? Unachanganywa na nini? Moto uwe mkubwa kiasi gani? Hayo ni maswali mazuri na nitayajibu. Lakini sijaona hata mmoja wenu akiuliza habari ya sikio. Mnadhani ufinyanzi ni kazi ya mikono. Mikono inaumba, sawa. Lakini sikio ndilo linaamua kama kitu ulichoumba ni chungu au ni vigae, na shingo ndiyo inakipeleka sokoni. Ukipoteza sikio na shingo, mikono yako itabaki ikichezea matope kama mtoto.

Haya nilifundishwa na Senge Nanjala, dada ya baba yangu. Nilipelekwa kwake nikiwa msichana, upande wa Bumula, alikokuwa ameolewa na akabaki mjane. Aliishi katika laini. Ninyi hamjui laini. Watu waliobatizwa walijengewa pamoja, nyumba zimepangwa mstari mmoja, mbali na wale waliobaki na pombe na ngoma. Ukikaa katika laini unafuata sheria za laini. Ukikutwa umekunywa busaa unaonywa. Ukirudia, unatolewa kanisani, na nyumba yako inabomolewa, unabeba nguzo zako unaenda kujenga kwingine. Kwa mjane asiye na mtoto wa kiume, kwingine hakupo. Shikeni hilo, maana ndilo lilitunyima usingizi.

Senge alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza alinipa udongo, akaniambia niulambe.

"Nilambe udongo, Senge?"

"Si una ulimi? Udongo wenye mchanga mwingi utausikia kwenye meno. Wenye mizizi iliyooza utausikia kwenye koo. Mfinyanzi asiyejua ladha ya udongo ni mpishi asiyeonja mboga."

Nikalamba. Mpaka leo nalamba. Udongo wa bondeni, ule mweusi unaoteleza, unauacha ukae umelowa na kufunikwa mpaka unuke kidogo. Halafu unatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, unachekecha, unachanganya. Chungu cha zamani kinamshika mkono chungu kipya, ndivyo Senge alivyokuwa akisema. Usipoweka vigae, kitapasuka motoni. Na ukiweka chungu kwenye moto kabla hakijakauka vizuri, hapo ndipo utakimbia. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa haraka zangu za usichana. Vililipuka kama bunduki, na jogoo wa jirani hakuwika tena karibu na kwetu. Senge hakunipiga. Aliniambia nivitwange vyote viwe unga wa kuchanganyia vingine. "Kosa lako litakusaidia kazi," akasema. Nilitwanga mpaka mabega yakakataa.

Sasa sikio. Chungu kikitoka motoni kikapoa, unakiinua kwa mkono mmoja, vidole chini ya kitako, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima kinaimba, na sauti inakaa kidogo hewani kabla ya kwenda. Chenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, kinakujibu kwa sauti fupi, kavu, kama mtu asiyetaka mgeni. Senge alikuwa anagonga huku akizungumza habari nyingine kabisa, na bado alikuwa anajua. Wanawake wa soko la Bungoma walikuwa wanamletea vyungu vya wafinyanzi wengine awagongee kabla hawajanunua. Wafinyanzi wengine hawakumpenda kwa hilo.

Ndiyo maana jambo la siku moja sokoni lilitushtua sote.

Vita vya Hitla vilikuwa vimeisha, vijana wamerudi na makoti yao ya jeshi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, hapo hapo katika laini, kwa Wafula, ambaye alifanya kazi ya ng'ombe kwa Mzungu mmoja kule Endebess na kuja nyumbani mara moja moja. Mama mmoja akarudisha mtungi sokoni, anasema unavuja. Senge akauchukua, akaugonga. Mtungi ukajibu ile sauti kavu. Kila mtu aliyekuwa pale aliisikia, hata muuza samaki.

"Mzima huu," Senge akasema.

"Mama Nanjala, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Unaimba."

Nikautoa mikononi mwake, nikampa yule mama mtungi mwingine. Senge alinikasirikia njia nzima. Lakini nikaanza kumwangalia. Nikaona siku hizi akigonga chungu anageuza kichwa, analeta sikio la kulia. Ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Na mara nyingine anasimama katikati ya kazi, anaweka kiganja kwenye sikio lile la kushoto, kama anayezuia kitu kisitoke.

"Nini, Senge?"

"Mashine ya Mhindi imeanza."

Alikuwa na maana ya mashine ya kusaga mahindi pale karibu na stesheni. Lakini stesheni ilikuwa mbali na sisi, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mashine ilikuwa ndani ya kichwa chake. Aliniambia sikio linakuwa zito kwanza, kama limejazwa pamba. Halafu linanguruma. Halafu, siku nyingine linaacha tu, na siku nyingine haliachi.

Siku ambayo halikuacha, tulikuwa njiani kwenda sokoni. Barabara tambarare, haina jiwe. Senge alikuwa mbele yangu na mitungi kichwani, amepanga mmoja juu ya mwingine juu ya ngata ya majani ya migomba, shingo yake imenyooka kama kawaida. Nikaona shingo ile inaenda upande. Mitungi ikaenda. Yeye akaenda. Alianguka kama mti, bila kujishika, akashikilia majani ya kando ya barabara kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kudondoka kutoka duniani.

"Nishike," akasema. "Nishike, ardhi inageuka."

Akatapika. Nikampindua kidogo nimwangalie uso, na hapo nikaona macho yake. Vijana, nisikilizeni, hili ndilo la kubeba hata kama mengine yote mtayaacha barabarani. Macho yake yalikuwa yanakimbia. Yanaenda upande polepole, yanaruka kurudi, yanaenda, yanarudi, kama macho ya mtu aliyesimama stesheni akitazama mabehewa ya treni yanavyopita. Lakini hakukuwa na treni. Mbele yake kulikuwa na mimi tu.

Watu walikuja. Na kati ya watu alikuja Mama Rebeka.

Lazima niwaambie Mama Rebeka ni nani. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa kazi ya kunusa midomo. Ndiyo, msicheke. Jumapili alisimama kwenye mlango wa wanawake, mkubwa, amefunga kitambaa cheupe, na kila aliyeshukiwa alimpumulia usoni. Pua yake iliaminiwa kuliko kiapo. Aliinama juu ya Senge pale barabarani, akavuta pumzi, akainuka.

"Imechacha," akasema.

Ilikuwa imechacha kweli. Asubuhi ile tulikuwa tumekunywa uji wa wimbi, ule wa kulaza mpaka uwe mchachu, ambao kila nyumba ya laini ilikuwa inakunywa, ya Mama Rebeka pia. Uji huo ukirudi kutoka tumboni unanuka kama busaa. Nilimwambia. Aliniangalia kama ninavyowaangalia ninyi mkiniambia chungu kilijivunja chenyewe.

"Mwanangu," akasema, "uji hauangushi mtu."

Hapo akanishinda, maana hata mimi sikujua ni nini kinachoangusha mtu.

Wazee walimwita Senge. Walimsema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Wakasema hawataangalia ya nyuma, lakini akionekana tena anayumba, atahama laini. Senge alitoka pale akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba yake, akashika udongo. Alifinyanga mpaka giza.

Tangu siku hiyo hatukukaa kwa raha. Mtu anayeumwa malaria unajua jioni homa itapanda, asubuhi itashuka. Huyu ulikuwa hujui. Wiki inapita salama unaanza kupumua, halafu unasikia chungu kimeanguka upande wa kwake na unakimbia na unga mikononi. Nilianza kutembea upande wake wa kushoto kila tulipotoka, karibu, bega kwa bega, ili akiyumba aniyumbie mimi na watu wadhani tunasengenya. Mitungi nikabeba mimi. Watu waliuliza mbona mfinyanzi mkubwa anatembea kichwa kitupu. Nikawaambia amekuwa tajiri, amepata mtumishi.

Wazee hawakuwahi kumkuta chini wenyewe, lakini maneno hayakukosekana. Kuna waliosema kila Wafula akija kutoka Endebess, Senge anaanguka. Kwa hiyo Wafula anamletea pombe ya Kitale, ile kali. Nilikasirika, lakini nilipokaa nikahesabu kwa kichwa, niliona ni kweli. Si pombe. Lakini Wafula akija, haipiti siku nyingi Senge yuko chini. Liliniwasha jambo hilo, sikujua nilikunie wapi.

Wafula ndiye aliyesema tumpeleke hospitali ya Kitale. Tulipanda lori lililokuwa linarudi kuchukua mahindi, tukakaa juu ya magunia matupu, na Senge alifumba macho tangu Bungoma mpaka tunafika. Alisema akifungua, milima inatembea.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyesema sana. Anayesema alikuwa dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, jina lake Barnaba, kijana wa huku huku kwetu, koti jeupe, viatu vinalia. Daktari alimwangalia masikio kwa taa. Halafu akatoa kitu cha chuma, kama uma wenye meno mawili tu. Akakigonga kwenye goti lake mwenyewe. Kile chuma kikaimba. Akakisimamisha juu ya utosi wa Senge, akauliza kupitia dresa: unasikia upande gani?

Senge akaanza kucheka. Alicheka mpaka dresa akaogopa.

"Mama, kuna nini?"

"Mwambie huyu bwana nimemwelewa. Ananigonga. Maisha yangu yote nimegonga vyungu, leo mimi ndiye chungu." Akaacha kucheka ghafula. "Sasa aniambie. Nina ufa?"

Dresa akamtafsiria daktari. Daktari akamtazama Senge, akasema jambo fupi.

"Anasema huna ufa, mama," dresa akasema. "Umejaa."

Akatueleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa, kwa maneno yetu ya kazi. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya pale kidole kinapokwama, kuna nyumba ndogo iliyojipinda kama ya konokono, na vijia vingine vya mviringo vimeungana nayo. Ndani yake kuna maji. Sehemu moja inasikia sauti. Sehemu nyingine inaujulisha mwili hapa ni juu, hapa ni chini, sasa umegeuka, sasa umesimama. Kwa watu wengine maji hayo yanazidi, na kwa nini yanazidi hata daktari alisema hajui vizuri. Yakizidi yanasukuma kuta. Ndipo sikio linaziba, linanguruma, halisikii vizuri. Yakizidi sana, mwili unapewa habari za uongo kwamba unazunguka, na macho yanajaribu kufuata mzunguko ambao haupo. Ndiyo maana yanakimbia.

Nilielewa mara moja, na ninyi mngeelewa kama mngewahi kubeba maji kwa mtungi badala ya kungoja bomba. Ukitembea na mtungi uliojaa halafu usimame ghafula, wewe umesimama lakini maji hayajasimama. Yanaendelea kwenda, yanakuvuta shingo. Mjinga anapigana nayo, anamwaga. Mwenye akili anasimama kimya, anangoja maji yatulie, ndipo anaendelea. Na ndiyo maana tunaweka majani mabichi juu ya maji, yasirukeruke.

Senge naye alikuwa amefika hapo hapo. "Basi nipe majani ya kuweka," akamwambia dresa.

Barnaba alicheka, lakini alikuwa na jibu. "Majani yako ni kuacha chumvi, mama. Chumvi inavuta maji mwilini na kuyashikilia. Mboga bila chumvi. Nyama bila chumvi. Usipande juu ya kitu. Usibebe kichwani. Ikikushika, lala, usitikise kichwa, tazama kitu kimoja kisichotembea, ngoja."

"Nitapona?"

"Haitakuua. Kuanguka kunaweza kupungua. Sikio lenyewe sikudanganyi, linaweza kuendelea kufa."

"Na karatasi ya kuonyesha wazee kwamba si pombe?"

Dresa akamwuliza daktari, daktari akaandika. Lakini ile karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mzee wa kanisa tulipompa aliigeuza juu chini, akasema Mzungu hakai katika laini yetu. Iliishia hapo. Msitegemee karatasi, vijana.

Basi tukaanza kula bila chumvi. Nilimpikia mwenyewe ili nihakikishe. Kunde bila chumvi, mlenda bila chumvi, hata kuku siku ya sikukuu. Nilikula naye ili asione uchungu, na nawaambia, ugali na mboga isiyo na chumvi ni kama kuzungumza na mtu anayesinzia. Wiki zikapita salama. Nikaanza kulala. Wafula akaja nyumbani, akakaa siku zake, akarudi Endebess. Na Senge akaanguka, nyuma ya nyumba, mbele ya macho yangu tu, Mungu amesaidia.

Nilimshika kichwa mpaka macho yalipotulia. Halafu nilisimama, nikazunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutaga. Wafula anakuja, Senge anaanguka. Wafula analeta nini? Sukari kidogo. Kitambaa. Na jiwe la ng'ombe.

Jiwe la ng'ombe ni nini? Kule mlimani Elgon kuna mapango yenye udongo wa chumvi, mgumu kama mwamba. Watu wa mlimani wanauchimba, wanawalambisha ng'ombe, wanauza mpaka Endebess. Wafula alikuwa anatuletea bonge kila akija, analiweka kwenye zizi letu. Nilienda kwenye zizi. Bonge lilikuwa limevunjwa pembeni, na ng'ombe hana nyundo.

Nilirudi kwa Senge. Alikuwa ameshakaa kwenye udongo wake tena, anaviringisha kamba za udongo za kujengea mtungi, na shavu lake moja limevimba.

"Senge, fungua mdomo."

"Mimi ni mtoto?"

"Fungua."

Akatema kwenye kiganja. Kipande cha jiwe la ng'ombe, kimelambwa mpaka kimekuwa laini kama yai.

"Daktari alikataza chumvi," nikasema.

"Na mimi nimeacha chumvi. Si unanipikia mwenyewe hayo majani yako ya huzuni? Hii si chumvi. Huu ni udongo."

"Ni udongo wa chumvi."

"Ni udongo wa ng'ombe. Chumvi iko dukani, nyeupe, kwenye karatasi. Mimi nimelamba udongo tangu mama yangu ananifundisha. Utaniambia nini juu ya udongo, wewe uliyelipua vyungu?"

Hakuwa anadanganya, mjue hilo. Aliamini. Udongo ulikuwa kazi yake, na hakuna aliyemwambia kazi inaweza kuhesabiwa kama chakula. Hata dresa hakuuliza, maana nani angefikiria kuuliza mgonjwa kama analamba chakula cha ng'ombe? Nilikaa chini mbele yake. Nikamwambia habari ya Wafula, kila mara alipokuja na kila mara yeye alipoanguka. Nilizitaja moja moja: ile ya barabarani, ile ya kisimani, ile ya siku ya mvua ya mawe. Akakitazama kile kipande.

"Kilikuwa kitamu," akasema, akakitupa kwenye nyasi. Mbuzi akakichukua.

Baada ya hapo ulikuwa muda mrefu wa utulivu kuliko wote. Jiwe nililifungia kwenye chumba cha mbegu, na nikawatolea ng'ombe mwenyewe. Senge alilamba udongo wa bondeni tu, ule usio na chumvi. Mashine ya Mhindi ilikuwa inaanza, lakini inazima. Hata hivyo sikutulia. Dresa alisema kupungua, hakusema kwisha, na neno hilo lilinikaa kama kijiti kwenye jino.

Kanisani, Jumapili, tukiwa tumesimama tunaimba, nilimwona anaweka kiganja kwenye sikio. Nikamshika kiuno. Nilichelewa. Alienda chini katikati ya benchi za wanawake, akashika miguu ya benchi, akatapika juu ya kanga yake. Nyimbo zikakatika. Mzee wa kanisa akashuka kutoka mbele. Na Mama Rebeka akaja kutoka mlangoni, watu wanampisha, na pua yake mbele yake.

Niliweka mkono wangu mbele ya uso wake. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo.

"Mama Rebeka, usinuse. Tazama macho yake."

"Ondoa mkono, mwanangu."

"Nitaondoa. Tazama macho kwanza. Halafu unuse mpaka utosheke."

Sijui kwa nini alinisikiza. Labda alikuwa amechoka kunusa. Alipiga magoti, mama yule mzito, akashika uso wa Senge kwa mikono miwili, akatazama. Alitazama muda mrefu. Kanisa zima lilikuwa linasikia njiwa wa kwenye paa. Halafu akamwekea Senge kitambaa chake cheupe chini ya kichwa, akabaki pale pale sakafuni.

"Ni pombe?" mzee wa kanisa akauliza.

"Si pombe."

"Umenusa?"

"Nimetazama." Hakugeuka hata kumwangalia. "Mzee, mimi nimelala kitanda kimoja na mlevi mpaka siku niliyomzika, Mungu amrehemu. Mlevi namjua hata akiwa amenipa mgongo. Macho ya mlevi yanalala njiani. Ya huyu yanakimbia kama yanafukuzwa, na yeye mwenyewe anajua yuko wapi, ananishika mkono anauvunja."

"Na hiyo harufu je?"

"Uji. Ule ule ulio tumboni mwako."

Wanawake waliinamisha vichwa wakaficha midomo kwenye kanga. Mzee alisimama kidogo, kisha akarudi mbele na kuanzisha wimbo mwingine, wa chini, na watu wakauimba pole pole juu yetu watatu tuliokuwa sakafuni. Mama Rebeka alikuwa ameweka kidole chake kimoja mbele ya uso wa Senge, hakitikisiki. "Tazama hiki," alikuwa anamwambia kwenye sikio la kulia. "Hiki hakiendi mahali." Hakuna aliyemfundisha.

Nyumba ya Senge haikubomolewa. Alikaa humo mpaka mwisho wake. Sikio la kushoto lilikufa kabisa, kama dresa alivyosema, na la kulia likafuata nusu njia. Aliendelea kufinyanga. Mimi nilikuwa nagonga, yeye anatazama uso wangu, na alikuwa anajua kabla sijasema. Alipenda kunitania mbele ya wateja: "Msimwamini, huyu alilipua jogoo." Halafu madebe ya mafuta ya taa yakaingia kila nyumba, wanawake wakaanza kuchotea maji humo, na mitungi ikapungua. Leo ni plastiki. Ndiyo maana ninyi mnakuja kujifunza kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Haya, tafuteni. Lakini mwenzenu akianza kugeuza kichwa akigonga chungu, msimcheke.

Jumapili ile, tulipomlaza Senge na akapata usingizi, nilirudi nyumbani kwangu nikawaita wote waliokuwa chini ya paa langu. Nilikuwa bado na matapishi kwenye nguo. Wafula alikuwepo, nikamweka naye katika mstari na watoto. Nikawaambia:

"Jiwe la ng'ombe litakaa kwa ng'ombe. Na mtu akianguka katika boma hili, awe wetu, awe mgeni, awe hata mlevi wa kweli, pua zenu zikae nyuma. Mshikeni kichwa, mtazameni macho, na asiondoke mtu pale mpaka dunia yake isimame."